Wakaguzi wameshaondoka, meneja mauzo kafuta meseji: sasa tufanye nini?

"Wakili habari za kazi. Mimi ni mkurugenzi mtendaji wa kampuni ya usambazaji, tuko wafanyakazi kama sitini hivi. Jumanne asubuhi saa tatu kasoro walikuja maafisa watano wa mamlaka ya ushindani, bila taarifa, wana kibali, wanasema wanachunguza kama sisi na wenzetu tumepanga bei. Wamekaa mpaka usiku, wamechukua kopi za kompyuta za watu wanne, wamepiga sili kabati moja la mafaili wakasema watalirudia wiki ijayo, wakaacha na barua ya maswali tujibu ndani ya siku kumi za kazi. Sasa jana meneja mauzo kanifuata chemba, kaniambia siku ile ile maafisa wakiwa bado wako mapokezi alifuta grupu la WhatsApp alilokuwemo na mameneja wa kampuni nyingine tatu. Mwanasheria wetu wa ndani anasema tusiwe na hofu, tuwe tunamweka yeye kwenye kila imeli, hapo inakuwa siri hawawezi kuisoma. Mkurugenzi wa fedha yeye anataka tulipe faini yaishe turudi kazini. Mi usiku silali. Hilo la simu ninyamaze? Wakili wa kampuni atanitetea na mimi? Na nikimjua aliyetuchoma nimfanye nini?"

Pole sana ndugu yangu. Kukosa usingizi naelewa kabisa, nimekaa na wakurugenzi wengi wiki ya kwanza baada ya msako na karibu wote wanakuwa hivyo hivyo, simu ikiita tu moyo unaruka. Nimesoma barua yako mara mbili na kilichonishtua sio hao maafisa watano, wala sio hiyo tuhuma ya kupanga bei. Ni vitu vilivyotokea humo humo ndani kwenu baada ya wao kuingia, na ushauri unaopewa na watu wako wa karibu. Tuhuma ya bei bado haijathibitishwa na pengine haitathibitishwa. Hilo la simu limeshatokea, unalo mkononi, na kila siku inayopita linabadilika sura kutoka kosa la mtu mmoja aliyepaniki kuwa kosa la kampuni nzima.

Hujaniambia uko nchi gani na taratibu zinatofautiana, kwa hiyo nitakueleza mambo yanavyokwenda sehemu nyingi, na mifano nitaitoa Ulaya na Marekani kwa sababu huko maamuzi yao yanachapishwa kwa undani na mamlaka nyingi duniani zinayaangalia.

Tuanze na simu. Usinyamaze. Najua ndivyo roho inavyokutuma, na najua mtu atakuja kukwambia "mbona hawajui, acha tu", lakini hebu fikiria hilo grupu lilikuwa na nani ndani yake. Watu wa kampuni nne. Misako ya namna hii kawaida inapangwa ifanyike asubuhi moja kwa kampuni zote zinazoshukiwa, ndio maana wanakuja bila taarifa, ili huyu asiwahi kumpigia yule. Maana yake wakati meneja wako anabonyeza kufuta, inawezekana kabisa simu ya mwenzake upande wa pili ilikuwa tayari iko mezani kwa afisa inanakiliwa, meseji zote zimo, namba ya meneja wako imo, na kule kutoka kwake kwenye grupu kumeacha alama kwa waliobaki. Kwa hiyo meseji hazijapotea. Zipo kwa wengine. Kilichopotea ni nafasi yenu ya kusema "sisi tulitoa kila kitu tulichokuwa nacho".

Na mamlaka zinalichukulia hili kwa uzito kuliko wafanyabiashara wanavyodhani. Machi 2023 wakaguzi wa Tume ya Ulaya, chombo kinachosimamia sheria za ushindani kwenye Umoja wa Ulaya, waliingia ofisi za International Flavors & Fragrances, kampuni ya Marekani ya kutengeneza manukato na ladha, na mfanyakazi mmoja wa ngazi za juu alipojua ukaguzi unaendelea akafuta meseji za WhatsApp alizokuwa anaandikiana na mtu wa kampuni shindani. Ni mfano wako huo huo. Juni 2024 kampuni ikapigwa faini ya yuro milioni 15.9 kwa kitendo hicho peke yake, wakati huo uchunguzi wenyewe wa ushindani ulikuwa bado haujafika mwisho. Lakini shika na upande wa pili wa habari hiyo maana ndio unaokuhusu zaidi: faini ilipunguzwa kwa nusu, kwa sababu kampuni ilikubali kosa na ikasaidia kuzirudisha hizo data zilizofutwa. Nusu nzima. Na sheria ya Ulaya ya mwaka 2003, Kanuni namba 1/2003, inaruhusu mpaka asilimia 1 ya mapato yote ya mwaka kwa kuvuruga ukaguzi tu, mbali na ile asilimia 10 ya kosa lenyewe la ushindani. Marekani wao wanamfuata mtu binafsi, sheria ya Sarbanes-Oxley ya 2002 inaweka kifungo mpaka miaka 20 kwa anayeharibu rekodi ili kukwamisha uchunguzi wa serikali kuu.

Hiyo sheria ya 2002 ilitungwa baada ya sakata la Enron, kampuni ya nishati ya Marekani iliyoporomoka kwa hesabu za uongo, na humo ndani kuna kisa ambacho wanasheria wa makampuni tunafundishana mpaka leo. Arthur Andersen ilikuwa moja ya kampuni kubwa tano za ukaguzi wa hesabu duniani, watu kama 85,000 hivi. Vuli ya 2001 mambo ya Enron yakiwa yanaanza kunuka, mwanasheria wa ndani wa Andersen aliandika imeli fupi kuwakumbusha wahusika sera ya kampuni ya kutunza na kuharibu makaratasi. Imeli yenyewe ukiisoma ni ya heshima kabisa, hakuna mahali ameandika "haribuni". Lakini baada ya hapo mashine za kuchana karatasi zilifanya kazi usiku na mchana. Juni 2002 kampuni ikatiwa hatiani kwa kuvuruga upelelezi, ikaacha kukagua makampuni yaliyoorodheshwa kwenye soko la hisa, yaani imekwisha. Mei 2005 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaifuta ile hukumu kwa kauli moja kwa sababu maelekezo waliyopewa wazee wa baraza yalikuwa na kasoro, lakini wakati huo hakukuwa na kampuni ya kurudi, wateja wameshaondoka na wafanyakazi wameshatawanyika. Nakuhadithia hivi ili mwanasheria wako wa ndani naye asome, maana na yeye kiti chake kiko hapo hapo kwenye moto.

Sasa cha kufanya leo. Ile simu meneja asiishike tena. Asijaribu kurudisha meseji mwenyewe, asiondoe WhatsApp na kuiweka upya, asi-"riseti" kitu chochote, maana kila akibonyeza anaandika juu ya vilivyobaki. Iwekwe kwenye bahasha, bahasha ifungwe, juu iandikwe tarehe, saa, nani kaitoa na nani kaipokea, na wote wawili wasaini, halafu iende kwa mtaalamu wa kuchunguza vifaa vya kidijitali atakayeajiriwa na wakili, sio fundi simu. Bekapu kama ipo nayo isiguswe. Halafu toa agizo la maandishi kwa watu wote wanaohusika, na mtu wa kompyuta awe wa kwanza kulipata: hakuna kufuta, hakuna kuchana, hakuna "kusafisha" kompyuta ili ipate nafasi. Watu wengi wanasahau vitu vinavyojifuta vyenyewe. Seva ya imeli inayofuta kila baada ya siku 90, meseji zilizowekwa zipotee baada ya siku saba, kamera za usalama zinazorekodi juu ya rekodi ya zamani, kompyuta ya mfanyakazi aliyeacha kazi mwezi uliopita ambayo inasubiri kupewa mtu mpya. Zima hizo zote. Nimeona kampuni iliyokuwa na nia njema kabisa ikapata shida miezi mitano baadaye kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuizima hiyo siku 90.

Halafu kwenda kuisema kwa mamlaka, hiyo ifanyike kupitia wakili wa nje na ifanyike haraka, nazungumzia siku chache, isifike wiki kadhaa. Usipige simu mwenyewe kwa yule afisa aliyekuachia kadi ukaanza kujieleza, utasema zaidi ya unachokijua. Nikwambie ukweli wote: kuisema kuna gharama. Meneja wako anaweza kujikuta na kesi yake binafsi, na ninyi mnaweza bado kupigwa faini ya kitendo hicho. Sitakuficha. Ila nikiweka mizani, upande wa pili ni wao kuikuta wenyewe kwenye simu ya mtu wa kampuni nyingine, halafu wakuulize wewe mkurugenzi ulijua lini, na jibu la kweli liwe "nilijua siku ya pili". Hapo wanayemtazama sio meneja tena, ni wewe.

Hapo tunafika kwenye swali lako la pili, wakili wa kampuni atakutetea na wewe? Jibu fupi ni hapana, mpaka akwambie wazi kwa maandishi kwamba ndio. Wakili wa kampuni mteja wake ni kampuni, yaani kile chombo chenyewe. Wewe ni mkurugenzi wake, unatoa maelekezo kwa niaba yake, mnakunywa chai pamoja, mnajuana miaka kumi, lakini mteja bado ni kampuni. Marekani hili lilinyooshwa mwaka 1981 kwenye kesi ya Upjohn, kampuni ya madawa ambayo mwanasheria wake mkuu alituma maswali kwa mameneja wake wa nchi mbalimbali kuhusu malipo yaliyokwenda kwa maafisa wa serikali za huko, halafu mamlaka ya kodi ikayataka yale majibu. Mahakama ya Juu ikasema mazungumzo kati ya wafanyakazi na wakili wa kampuni yanalindwa. Nzuri. Lakini ulinzi huo ni mali ya kampuni, na kampuni ikiamua kesho kuuachia na kuyakabidhi maelezo yako kwa serikali ili ipate nafuu, wewe huna cha kuzuia.

Ndio maana sisi tunaofanya kazi hizi kabla ya kumhoji mtu tunampa onyo. Mara nyingi iko hivi: chumba kidogo cha mikutano, mlango umefungwa, meneja kakaa kapinda kofia yake mkononi, na kabla hata sijafungua daftari anasogeza kiti anasema "wakili hapa tuko wawili tu, ngoja nikwambie ukweli". Na mimi nanyanyua mkono namwambia ngoja kwanza. Namweleza mimi ni wakili wa kampuni, sio wako, haya tutakayoongea ni siri lakini siri ni ya kampuni, kampuni inaweza kuamua kuyatoa bila ruhusa yako, umeelewa? Wengine wanabadilika rangi pale pale. Inauma kumwambia mtu anayetaka kutua mzigo kwamba asiutue hapa, lakini nisipomwambia nitakuwa nimemdanganya, na huko mbele anaweza kudai mimi nilikuwa wakili wake na kazi yote ikachafuka. Sasa jiulize, meneja mauzo alipokufuata chemba mwanasheria wenu alikuwepo? Alimwonya? Kama hakumwonya basi msiendelee kumhoji kienyeji, kila mtu akimuuliza kwa wakati wake, maana mnazidi kuzalisha mashahidi. Yeye apate wakili wake mwenyewe, na sehemu nyingi ni kawaida kampuni kumlipia, ila wakili huyo awe huru kabisa na maslahi yake. Na wewe pia, kama kulikuwa na kikao chochote ulichokaa na hao wenzako wa kampuni nyingine au imeli uliyosoma ukanyamaza, tafuta wa kwako. Hiyo haimaanishi una hatia.

Kuhusu hii habari ya kumweka mwanasheria wa ndani kwenye kila imeli, naomba niwe mkali kidogo maana ni imani iliyoenea sana na inawaumiza watu. Siri ya wakili na mteja inalinda kitu kimoja tu, mazungumzo ya siri ambayo lengo lake ni kuomba au kutoa ushauri wa kisheria. Jina la mwanasheria kuwekwa kwenye nakala hakubadilishi imeli ya bei kuwa ushauri wa sheria. Ripoti ya mauzo iliyotumwa kwa watu kumi na yeye wa kumi na moja ni ripoti ya mauzo. Na ukweli wenyewe haulindwi popote, kama mlikutana na washindani tarehe fulani mkaongea bei, kumsimulia wakili hakuufanyi mkutano uwe siri, kinacholindwa ni simulizi uliyompa wakili. Tena Ulaya kwenye kesi za ushindani zinazosimamiwa na Tume mwanasheria wa ndani halindwi kabisa. Mwaka 2003 wakaguzi waliingia kwenye kampuni tanzu ya Akzo Nobel, kampuni ya kemikali ya Uholanzi, kule Uingereza wakakuta imeli mbili kati ya meneja mkuu na mwanasheria wa kampuni, ambaye alikuwa wakili kamili amesajiliwa Uholanzi, na baada ya miaka saba ya kubishana, Septemba 2010, Mahakama ya Haki ya Ulaya ikasema ulinzi ni kwa wakili aliye huru, na aliyeajiriwa na kampuni kwa mshahara hana uhuru huo wa kutosha hata awe na leseni. Nchi nyingine, Marekani na Uingereza zikiwemo, zinamlinda wa ndani anapotoa ushauri wa kisheria. Kwa hiyo kabla hujaandika neno lingine mwulize wakili wa nje swali hili: hapa kwetu, mbele ya mamlaka hii, imeli zangu na mwanasheria wangu wa ndani zinalindwa au hapana? Mpaka upate jibu, mazungumzo mazito yafanyike na wakili wa nje, ana kwa ana ikiwezekana.

Na kuna mlango mwingine wa siri hiyo kupotea. Kama ushauri ulioombwa ni wa kusaidia kutenda kosa au kulificha, hakuna siri. Sheria hiyo ni ya zamani sana, Uingereza iko tangu kesi ya Cox na Railton ya 1884, na nchi nyingi zilizorithi sheria za huko wanaifuata. Kwa hiyo imeli inayosema "tushauri namna ya kueleza hili la simu bila kutaja kwamba lilifutwa" haitalindwa hata ukimwandikia wakili bora kuliko wote, na huyo wakili mwenye akili atakurudishia hapo hapo.

Barua ya maswali sasa. Siku kumi za kazi zinaonekana nyingi kumbe ni kidogo, na nusu ya wiki umeshaitumia kwa hofu. Kuomba muda zaidi ni jambo la kawaida na mara nyingi wanakubali, hasa ukieleza kwa nini na ukatoa baadhi ya majibu mapema, lakini omba kabla siku hazijaisha. Hapa watu wana makosa mawili yanayopingana. Kuna wanaodhani wana haki ya kukaa kimya kabisa, na kuna wanaodhani lazima wajibu kila kitu hata wanachokisia. Kampuni kwa kawaida haina ile haki kamili ya kunyamaza aliyonayo mtu binafsi. Marekani Mahakama ya Juu ilisema tangu 1906, kesi ya Hale dhidi ya Henkel, kwamba kampuni haiwezi kukataa kutoa nyaraka zake kwa hoja ya kujitia hatiani. Ulaya kesi ya Orkem ya 1989 ikaweka mstari katikati: nyaraka zilizopo lazima mtoe, maswali ya matukio lazima mjibu, lakini huwezi kulazimishwa kuandika jibu linalokiri kwamba mmevunja sheria, hilo ni jukumu lao kulithibitisha. Kwa hiyo swali kama "nani alihudhuria kikao cha tarehe fulani" linajibiwa. Swali kama "eleza lengo la makubaliano yenu ya kupandisha bei" limeshaweka kosa ndani ya swali, hilo wakili alikamate. Na jibu ambalo hulijui, sema hulijui na useme umetafuta wapi. Jibu la kubahatisha likija kupingana na imeli iliyoko kwenye zile kopi nne za kompyuta, mtaitwa waongo, na kutoa taarifa za uongo ni kosa linalojitegemea. Hakikisha pia mna orodha ya vyote walivyochukua na mna kopi kama zile zile walizonazo wao, maana huwezi kujibu maswali kuhusu faili ambalo mwenzako analo wewe huna.

Mkurugenzi wa fedha anataka mlipe yaishe. Namwelewa, yeye anaona hesabu. Lakini kwanza hakuna cha kulipa bado, hakuna mtu amewaambia kiasi. Pili, kukiri kwenye kesi za ushindani hakuishii kwenye faini, sehemu nyingi wateja waliouziwa bei ya juu wanaweza kutumia uamuzi ule kudai fidia, na madai hayo yanakuja miaka baadaye wakati ninyi mnadhani mmesahau. Ulaya watengenezaji wa malori walipigwa faini ya yuro bilioni 2.93 mwezi Julai 2016, na waliokuwa wamenunua malori wakaja na kesi zao nchi mbalimbali.

Ila kwenye kesi hiyo hiyo ya malori kuna somo ambalo mkurugenzi wa fedha atalipenda. MAN, mmoja wa watengenezaji hao, nao walikuwemo kwenye makubaliano, lakini ndio waliokwenda kwa mamlaka wakasema, na hawakulipa hata senti, walikwepa faini ya kama yuro bilioni 1.2. Mpango huu wa msamaha kwa anayejitokeza kwanza Marekani waliuanza 1978 wakauboresha 1993, Ulaya wakaufuata 1996, na sasa nchi nyingi zenye sheria za ushindani wanao wa namna fulani. Unafanya kazi kwa sababu moja tu, wa kwanza anapata kila kitu na wa pili anapata makombo, kwa hiyo watu walioaminiana jana wanaanza kukimbizana leo. Na ninyi mko kampuni nne. Nasema kwa uwazi, kama wamekuja na kibali na majina, inawezekana mmoja wenu ameshafika na nafasi ya kwanza imechukuliwa. Lakini hata baada ya msako mlango haufungwi moja kwa moja. Kwa utaratibu wa Tume ya Ulaya, wa kwanza kuleta ushahidi wenye thamani mpya baada ya aliyepata msamaha anapunguziwa asilimia 30 mpaka 50, wa pili 20 mpaka 30, wengine wasiozidi 20. Hayo ni mambo ya saa na siku. Ndio maana nasema kazi ya kwanza ya wakili wa nje, baada ya kuziba hilo la simu, ni kujua ukweli haraka: kweli kulikuwa na makubaliano au lilikuwa ni grupu la watu wa biashara moja wanaoongelea habari za sekta? Haya mawili ni tofauti kabisa. Msije mkakiri kosa ambalo halipo kwa sababu ya hofu, na msije mkajitetea miaka mitatu kwa kosa ambalo wenzenu wameshaliandikia maelezo. Mimi sijui ukweli wenu uko upande gani, na wewe pengine hujui wote, meneja mauzo ndiye anayejua.

La aliyewachoma nitalijibu kwa ufupi. Usimtafute. Usiulize kwenye vikao, usimwambie mtu wa kompyuta aangalie nani alituma nini nje, usimhamishe idara mtu unayemhisi. Kwanza inawezekana hayupo ndani kwenu kabisa, inawezekana ni mmoja wa wale watatu. Na kama yupo, sheria sehemu nyingi zinamlinda, Umoja wa Ulaya wana Maelekezo ya 2019/1937 ambayo yanampa ulinzi mtoa taarifa na kumtupia mwajiri mzigo wa kuthibitisha kwamba hatua aliyomchukulia haikuwa kisasi. Utakuwa umejitengenezea kesi ya tatu juu ya mbili ulizonazo. Vile vile usiwakataze wafanyakazi kuongea na wachunguzi. Unaweza kuwaambia wana haki ya kuwa na wakili, na kwamba wakiongea waseme kweli. Ukivuka hapo unavuruga upelelezi.

Wakili wa kumtafuta awe ameshafanya kesi za ushindani mbele ya mamlaka hiyo hiyo, sio yule aliyewaandikia mkataba wa pango. Mwulize mbele yako: umeshasimamia misako mingapi, umeshapeleka ombi la msamaha lini, unamjua mtaalamu wa vifaa vya kidijitali, na kuna kampuni yoyote kati ya zile tatu ni mteja wako? Hilo la mwisho muulize kabla hujamsimulia lolote. Mwanasheria wenu wa ndani simfukuzi, anaijua nyumba kuliko mtu yeyote na mtamhitaji kila siku, lakini kwenye hili la meseji na imeli yeye mwenyewe anaweza kuwa shahidi, kwa hiyo sio haki kumwachia usukani. Ukiona mamlaka imetaja neno jinai, au wamemwita mtu kwa jina aende kuhojiwa, au wamekuja nyumbani kwa mtu, hapo haya maandishi yangu hayatoshi hata kidogo, wakili aje ofisini siku hiyo hiyo.

Jambo la mwisho, na hili ni la leo jioni kabla hujatoka ofisini. Lile kabati. Mei 2006 wakaguzi wa Tume ya Ulaya walipiga sili mlango wa chumba kwenye ofisi za E.ON Energie, kampuni ya nishati ya Ujerumani, kule Munich, ni utepe wa plastiki ambao ukibanduliwa unaacha neno "VOID" juu yake, na waliporudi asubuhi yake wakalikuta. Kampuni ikajieleza kwamba labda ni mtikisiko, labda sili ilikuwa ya zamani, labda ni dawa ya kusafishia. Haikusaidia. Januari 2008 wakapigwa faini ya yuro milioni 38, na mahakama zote mbili za juu zikaiacha hivyo hivyo, 2010 na 2012. Hakuna aliyehitaji kuthibitisha kwamba kuna karatasi ilitolewa mle ndani. Kwa hiyo nenda kaliangalie kabati lako kwa macho yako, lipige picha sili inayoonekana vizuri na tarehe, weka karatasi kubwa mbele "usiguse", funga chumba kizima ufunguo ukae na mtu mmoja anayejulikana kwa jina, halafu mtafute yule anayekuja kufanya usafi usiku ukamwambie mwenyewe kwa mdomo wako, chumba hiki wiki hii usiingie, vumbi liache.